Maana ya Maneno: Idadi ya Watu

Kuna maneno ambayo kila mtu hudhani anayafahamu, mpaka siku atakapoulizwa maana yake akiwa amesimama mlangoni pake. Mojawapo ni lile ambalo Waingereza huliita population, na ambalo katika Kiswahili hutafsiriwa "idadi ya watu". Watoto huliandika madaftarini, redio hulitaja, na waheshimiwa hulirudia majukwaani. Lakini karani wa sensa anapobisha hodi na kuuliza watu wa nyumba hii ni wangapi, jibu huwa si jepesi kama lilivyodhaniwa.

Chukua, ndugu msomaji, mfano wa mke wa askari anayekaa Namakwekwe, mjini Mbale. Usiku wa sensa ya Uganda ya mwaka 2024 ulikuwa ule wa Alhamisi, tarehe 9 Mei, na siku iliyofuata ilitangazwa kuwa sikukuu ili makarani wawakute watu majumbani. Mume wa mama huyu yumo katika kambi ya Gaddafi, Jinja. Kijana wao wa kwanza amekwenda Kakira kutafuta kazi ya miwa. Nyumbani wamebaki watoto wanne, pamoja na mpwa mmoja aliyeletwa mwaka juzi akawa mtoto wa nyumba. Na juzi mama mkwe ameteremka kutoka Bududa, kuja kutibiwa miguu katika hospitali kubwa ya Mbale.

"Hodi, mama."

"Karibu, mwanangu. Keti."

"Usiku ule wa Alhamisi, mama, walilala humu watu wangapi?"

"Sisi ni wanane."

"Baba wa watoto yupo?"

"Yupo."

"Alilala hapa?"

"Alilala Jinja, kazini. Lakini yupo."

Karani kijana hudhani kwamba mama huyu hakuelewa swali. Ameelewa sana. Katika Kiswahili, neno "yupo" hufanya kazi mbili: husema kwamba mtu yuko mahali hapo, na husema pia kwamba mtu yu hai. Na neno "hayupo", linapotamkwa juu ya mtu ambaye kazi yake ni bunduki, si neno ambalo mkewe atalitoa kinywani kwa ajili ya kumridhisha karani. Wapo ambao waume zao usiku ule walikuwa mbali kuliko Jinja. Jeshi la Uganda limekuwa na askari wake Somalia tangu mwaka 2007, na nyumba zao nazo zilibishiwa hodi.

Kwa kanuni ya sensa, jibu la nyumba ile ni saba. Baba atahesabiwa alikolala, na kijana atahesabiwa Kakira. Kwa hiyo wawili wanatoka katika wale wanane. Bibi mgonjwa, ambaye mama hakumtaja kwa kuwa ni mgeni, anaingia, maana alilala humo. Mama hakudanganya, wala karani hakukosea. Mmoja alitaja watu wa nyumba yake, na mwingine alitafuta watu waliolala ndani ya nyumba.

Askari yeyote angeweza kuwapatanisha. Asubuhi, sajini anaposimamisha kombania yake, huwa na hesabu mbili mkononi. Orodhani watu ni 100. Uwanjani wamesimama 81. Wagonjwa ni wanne, walio likizo ni tisa, walio lindoni ni sita. Hakuna aliyetoroka, na hesabu zote mbili ni za kweli. Lakini ole wake mpishi atakayepika posho kwa kutazama orodha peke yake, na ole wake afisa atakayeomba mishahara kwa kuhesabu waliosimama uwanjani!

Basi "idadi ya watu" ni jibu ambalo huwa nusu tu mpaka litajwe swali lake. Idadi ya watu gani, wa mahali gani, na kwa siku gani? Mambo hayo matatu yasipotajwa, tarakimu ni tarakimu tu.

Neno lenyewe la Kiingereza lina asili ya Kilatini, kutoka neno lenye maana ya watu au umma. Kwa hiyo Mwingereza hulitumia kwa hesabu ya watu, na vilevile kwa watu wenyewe. Kiswahili kimeyatenga mambo hayo. Hesabu ni idadi. Watu wenyewe ni wakazi, au wakaaji, kama wanakaa mahali hapo. Ni wenyeji kama asili yao ni pale. Ni raia kama wanatazamwa mbele ya sheria na serikali. Fasiri anayeshika neno moja tu kwa yote huharibu habari. Akiandika kwamba "idadi ya watu wa Mbale walikimbia mafuriko", msomaji atajiuliza iwapo hata tarakimu zina miguu. Wakazi ndio waliokimbia. Idadi hupungua, huongezeka, hufikia, huzidi. Haikimbii, haili, wala haichoki.

Tofauti ya mkazi na mwenyeji huonekana wazi katika miji hii miwili. Jinja imo katika nchi ya Busoga, na wenyeji wake ni Wasoga. Lakini bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, na viwanda vikasimama karibu na umeme, wakazi wakatoka kila upande: Wasamia, Wajaluo, Waacholi, Wateso, Wanubi waliokuja na jeshi la zamani, na Wahindi waliokuwa na maduka na mashamba ya miwa kabla ya hapo. Mbale nayo imo chini ya mlima Masaaba, ambao ramani huuita Elgon, katika nchi ya Wagisu. Hata hivyo mji wenyewe ulianzishwa na Semei Kakungulu, Mganda, mwanzoni mwa karne ya ishirini, na wakati wa kukaribia uhuru Bugisu na Bukedi waligombea mji huo. Mtu anayesema "watu wa Mbale" na kukusudia Wagisu peke yao amewafuta majirani zake wengi kwa neno moja.

Kuhesabu watu hakukuanza jana. Uganda ilihesabiwa mwaka 1911, 1921 na 1931, ingawa hesabu za wakati huo zilikuwa za kukisia kwa sehemu kubwa. Sensa ya mwaka 1948 ndiyo iliyofanywa kwa utaratibu wa kisasa, nayo ilikuta watu karibu milioni 5. Mwaka 1959 walikuwa milioni 6.5, na mwaka ule Wazungu na Waasia walihesabiwa kwa zamu yao, Waafrika kwa zamu nyingine, kana kwamba usiku wao haukuwa mmoja. Mwaka 1969 ilikuwa milioni 9.5, mwaka 1980, milioni 12.6, mwaka 1991, milioni 16.7, mwaka 2002, milioni 24.2, mwaka 2014, milioni 34.6, na mwaka 2024, milioni 45.9.

Zitazame tarakimu za mwaka 1991 na 2014. Katika miaka 23 nchi imezidi kidogo mara mbili yake. Ongezeko la watu watatu kwa kila mia kwa mwaka husikika dogo. Lakini wale watatu nao huingia katika mia inayofuata, wakazaa, na watoto wao wakaingia katika hesabu. Ndiyo sababu mia moja hufika mia mbili katika miaka ishirini na minne hivi, wala si thelathini na tatu kama anavyofikiri mtu anayejumlisha kwa vidole.

Si kila aliyehesabiwa alipenda kuhesabiwa. Babu wengi walijua kwamba Mzungu akihesabu nyumba anatafuta kodi ya nyumba, na akihesabu vichwa anatafuta kodi ya kichwa. Walifanya lililo la akili: vijana wakaingia porini. Kodi ya kila mtu mzima ilisimamishwa mwaka 2005 tu, na woga hauondoki siku moja na sheria. Juu ya hayo kuna mwiko wa zamani, ambao mama wengi wangali wanaushika kimyakimya, kwamba watoto hawahesabiwi kama kuku. Ukimwuliza mama wa namna hiyo ana watoto wangapi, atakujibu, "Hao unaowaona." Karani mwenye busara habishani naye. Humwomba amtajie majina, mmoja mmoja, kisha yeye mwenyewe ndiye anayehesabu.

Mwiko huo usichekwe upesi. Nchi hii ya mashariki imeona namna watu wanavyoweza kupungua. Kati ya mwaka 1900 na miaka michache iliyofuata, ugonjwa wa malale uliteketeza watu katika pwani ya ziwa na visiwani, kuanzia Busoga hata Buvuma; wanaokadiria husema waliokufa walizidi laki mbili. Baadaye serikali ya kikoloni ikawahamisha waliosalia kutoka ufukweni, na vijiji vikawa pori la mbung'o. Neno "kadirio" hapo ni la lazima, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amewahesabu walipokuwa hai.

Hali kadhalika Bududa. Jioni ya tarehe 1 Machi 2010 mlima uliporomoka juu ya kijiji cha Nametsi. Mvua ilikuwa imewakusanya watu katika vibanda vya biashara, wengine wapita njia tu. Miili iliyofukuliwa ilikuwa karibu mia; wasioonekana walikadiriwa kuwa zaidi ya mia mbili. Daftari la kijiji lilikuwa na wakazi, lakini udongo ulikuwa umewafunika waliokuwapo. Jamaa walisimama kando ya matope wakitaja majina, na kila jina liliporudiwa na watu wawili ilibidi kuuliza kama ni mtu mmoja au wawili. Baadaye familia nyingi zilipelekwa Kiryandongo, upande wa magharibi ya nchi, na idadi ya wilaya moja ikapungua kwa kuongeza ya nyingine.

Mji nao unaweza kupungua bila maporomoko. Mwaka 1969 Jinja ilikuwa na watu karibu elfu 50, zaidi ya mara mbili ya Mbale. Mwaka 1972 Idi Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Maduka ya barabara kuu yakabadili wenyewe, na viwanda kimoja baada ya kingine vikapungukiwa na mafundi, vipuri na malighafi. Sensa ya mwaka 1980 ilikuta Jinja ikiwa na watu elfu 45 hivi, katika miaka ambayo nchi nzima iliongezeka kwa watu milioni tatu. Hata hivyo tarakimu hiyo haielezi jambo zima. Anayelinganisha elfu 50 na elfu 45 hudhani kwamba ni watu elfu tano waliokwenda zao. Waliokwenda walikuwa wengi kuliko hao, na wengine waliingia mahali pao. Idadi husema wangapi. Haisemi akina nani. Na sehemu kubwa ya karatasi za sensa hiyo ya 1980 ikapotea katika vurugu za miaka iliyofuata, kwa hiyo hata anayetaka kuuliza zaidi hana pa kuulizia.

Mbale iliendelea kupanda polepole, kama mtu apandaye Wanale na mzigo wa ndizi kichwani. Mwaka 2002 ikaifikia Jinja. Tarakimu za mwaka huo zafaa kukumbukwa: Jinja 71,213, Mbale 71,130. Tofauti ilikuwa watu 83, wasiotosha kombania moja. Katika sensa ya 2014 Mbale ilikuwa imekwisha kupita elfu 90, hali Jinja ilikuwa bado chini ya elfu 80.

Hapa mtu wa Jinja atakataa, na hoja yake ina uzito. Atasema kwamba ng'ambo ya mto kuna Njeru, na Njeru ilihesabiwa peke yake, watu 51,236 mwaka uleule wa 2002. Asubuhi wengi wao huvuka mto Nile kuja Jinja kazini, sokoni na shuleni. Jioni huvuka tena kurudi. Mchana Jinja ilikuwa na watu wengi kuliko usiku. Sensa huhesabu usiku, kwa kuwa usiku mtu hutulia. Lakini maji hunywewa mchana, na taka hutupwa mchana.

Mbale nayo ina hoja yake. Kila mwaka wa shufwa, mwezi wa Agosti, jando la imbalu hufunguliwa Mutoto, na wana wa Masaaba hurudi kutoka Jinja, Kampala hata Nairobi. Nyumba ya vyumba viwili hulala watu kumi na watano. Na usiku wa sensa ya 2014 ulikuwa mwishoni mwa Agosti, mwaka wa jando!

Kisha tarehe 1 Julai 2020 miji yote miwili ikapewa hadhi ya jiji, na mipaka ikapanuliwa ikameza vijiji vya kandokando. Sensa ya 2024 ilikuta kila mmoja una zaidi ya watu laki mbili na nusu. Msomaji asiyejua habari ya mipaka atafikiri kwamba mama wa Jinja wamejifungua mapacha watatu watatu. Kilichozaliwa ni mpaka. Mkulima aliyelala kijijini usiku wa tarehe 30 Juni aliamka mkazi wa jiji, kwenye kitanda kilekile, kuku wakiwa uani.

Katika matumizi ya kila siku yako makosa machache yaliyozoeleka. La kwanza ni kusema "population ya watu", ambako ni kumwagia mto maji. La pili ni kuchanganya idadi na msongamano. Namisindwa mlimani ina watu, na Karamoja ina watu. Anayeuliza kama wamesongamana lazima aseme eneo lao ni kubwa kiasi gani. La tatu, ambalo hata magazeti hulifanya, ni la upatanisho. "Idadi kubwa ya askari walihudhuria" haifai, kwa kuwa kiima ni idadi: ihudhurishwe yenyewe, au, kwa ufasaha zaidi, isemwe "askari wengi walihudhuria". Kiswahili kizuri mara nyingi hakihitaji neno idadi. "Idadi ya watoto wangu ni wanne" ni maneno ya karatasi. Mzazi husema, "Nina watoto wanne."

Aidha, neno hili halihusu binadamu pekee. Bwana samaki husema idadi ya sangara ziwani imepungua, na bwana mifugo hutaja idadi ya ng'ombe wa Teso. Hapo ndipo idadi huhitaji mwenyewe: ya samaki, ya ng'ombe, ya nyuki. Anayesema "idadi imeongezeka" akanyamaza hajasema kitu.

Nyumbani neno linalolingana na hilo ni "kaya". Kaya si ukoo, wala si boma. Ni wale wanaokaa pamoja na kula chungu kimoja. Katika kota za polisi chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia chaweza kuwa na kaya mbili, kwa kuwa kuna masufuria mawili. Na nyumba tatu za uani zaweza kuwa kaya moja, kwa kuwa moshi unatoka jiko moja. Mwaka 2014 wastani wa kaya ya Uganda ulikuwa watu 4.7. Hakuna mama aliyewahi kumpakulia sehemu saba ya kumi ya mtu. Wastani ni mali ya mpangaji, anayetaka kujua madawati na vyandarua vya wilaya nzima. Mpikaji hutazama sahani.

Na mpangaji akikosa tarakimu sahihi, upungufu huonekana mahali ambapo mama huyu wa Namakwekwe anapafahamu vizuri. Hospitali ya Mbale haiwatibu watu wa Mbale pekee. Huwapokea wa Bududa, Sironko, Manafwa, Butaleja, Pallisa, Kapchorwa na kwingineko. Dawa zikipangwa kwa kutazama wakazi wa mji, foleni itazimaliza kabla ya mwezi kwisha. Ndiyo maana wakuu wa afya hutumia msemo mwingine kabisa, "watu wanaohudumiwa", na bibi wa Bududa mwenye miguu inayovimba ni mmoja wao, hata kama si mkazi.

Karani akamaliza kuuliza, akagusa kioo cha kompyuta yake ndogo, akaandika saba. Mama akamtazama.

"Na baba yao?"

"Ataandikwa huko Jinja, mama, pamoja na wenzake wa kambini. Akiandikwa hapa na kule atakuwa watu wawili."

"Na huko watamwandika kwamba ana watoto?"

Karani akafikiri. Kambini watu huhesabiwa kwa utaratibu wake, naye hakuwa na karatasi ya kule.

"Mama, watoto nimewaandika hapa, wote watano."

"Wanne ni wake, mmoja ni wa dada yangu. Na yule wa Kakira ni wa kwanza."

"Nimeelewa, mama."

Bibi wa Bududa, ambaye muda wote alikuwa ameketi kwenye mkeka akidhani habari hiyo haimhusu, aliuliza kwa Kigisu kama naye ameandikwa. Alipoambiwa kwamba yumo, alitaka asomewe jina lake. Karani akamsomea, mara mbili, kisha akaaga na kwenda kubisha hodi nyumba ya pili.